Presha kuka ya umeme ya lita 6: faida yake iko kwenye friza

Boksi linasema maharage dakika 12, nyama dakika 25, wali dakika 4. Namba hizo ni za kweli, ila zinaanza kuhesabiwa presha ikishakamilika. Kabla ya hapo sufuria inachukua dakika 10 hadi 20 kupata moto na kujaa mvuke, na baada ya hapo kuna dakika nyingine 15 au 20 za kusubiri presha ishuke. Maharage ya "dakika 12" kwa hiyo yanakula karibu saa nzima. Anayenunua chombo hiki ili arudi jioni na kupakua chakula baada ya robo saa atavunjika moyo. Kinamfaa anayepika mara moja kwa ajili ya siku nyingi, na kwa kazi hiyo hakuna chombo cha jikoni tunachokipendekeza kwa moyo mweupe zaidi.

Sababu ni kwamba hakihitaji kusimamiwa. Ndani ya presha kuka nyingi za umeme joto hufika nyuzi 115 hadi 118, na mvuke hautoki, kwa hiyo maji hayakauki wala chakula hakihitaji kukorogwa. Ukishafunga mfuniko unaweza kukata vitunguu vya wiki nzima, kuogesha watoto au kukaa tu.

Maharage ndiyo kipimo chetu cha kwanza. Chukua gramu 800 za maharage makavu, yaloweke usiku kwenye maji yenye chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa kila lita. Usiogope chumvi. Inasaidia kulainisha ngozi, na kinachoyafanya yabaki magumu ni asidi, yaani nyanya, limau au siki, ambazo huwekwa yakishaiva. Asubuhi mwaga maji hayo, suuza, weka maji mapya yayafunike kwa kina cha sentimita 2, ongeza kijiko cha mafuta ili povu lipungue. Mchanganyiko wote usipite nusu ya sufuria. Vyakula vingine vinaruhusiwa hadi theluthi mbili, lakini maharage na nafaka huvimba na kutoa povu, na povu likifika kwenye vali, yaani kifungio cha tundu la mvuke, linaiziba. Dakika 12 za presha zinatosha kwa maharage mengi yaliyolowekwa. Yakiwa ya zamani sana ongeza 5. Unapata karibu kilo 2 zilizoiva, yaani mifuko minne ya nusu kilo.

Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu: muda ukiisha tu wanafungua vali. Presha ikishuka ghafla, maji yote ya ndani huchemka kwa kishindo mara moja. Ngozi za maharage zinapasuka, mchuzi unakuwa uji, na povu linaruka nje pamoja na mvuke. Nyama nayo hukakamaa na kupoteza maji yake. Iache ishuke yenyewe hadi kipini cha mfuniko, kile kidogo kinachopanda presha ikijaa, kidondoke, au walau dakika 15 ndipo umalizie kwa mkono, ukiwa umeweka uso mbali na tundu la mvuke. Kufungua haraka kunafaa mboga, mayai na vitu vinavyoiva kupita kiasi upesi.

Nyama ya mchuzi inaleta tatizo jingine, onyo la kuungua. Mashine inajizima katikati ya kazi kwa sababu kitako kimepata joto kuliko inavyotakiwa. Chanzo mara nyingi ni mabaki ya kukaanga yaliyoganda chini, au nyanya nzito iliyokaa moja kwa moja juu ya bamba la joto. Kaanga kilo moja na nusu kwa awamu tatu, kwani kitako ni chembamba na ukijaza nyama inatoa maji badala ya kupata rangi. Kisha mimina mililita 250 za maji na ukwangue kwa mwiko wa mbao mpaka uhisi chini ni laini kabisa. Nyanya iweke juu ya nyama, usikoroge. Unga au wanga wa kuongeza uzito wa mchuzi huingia mwisho, mfuniko ukiwa wazi. Vipande vya sentimita 4 vinataka dakika 25 hadi 30.

Wali unahitaji kikombe kimoja cha maji kwa kikombe kimoja cha mchele uliooshwa, si viwili, kwa kuwa hakuna kinachopotea hewani.

Ukipika vyote siku moja, fuata mpangilio huu: wali kwanza, maharage pili, nyama mwisho. Kati ya kimoja na kingine inatosha kusuuza sufuria ya ndani. Ukianza na nyama yenye viungo, mpira wa mfuniko unashika harufu na wali unakuwa na ladha ya kitunguu saumu. Mpira ni wa silikoni na harufu haitoki yote hata kwa sabuni, hivyo nunua wa pili kabisa, mmoja wa vyakula vya viungo na mwingine wa vingine. Ni kitu kidogo ila kinaondoa lalamiko kubwa zaidi la watumiaji.

Kupika kwa wingi ni nusu ya kazi. Kupoza ndiyo nusu inayosahaulika. Sufuria nzima ya maharage ya moto ikiingizwa kwenye friji hukaa saa nyingi katikati ikiwa vuguvugu, na bakteria huzaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60. Gawa chakula kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5, viweke kwenye beseni la maji baridi, kisha viingie friji ndani ya saa 2. Wali uharakishe zaidi, maana kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa na huanza kuzaliana wali ukikaa nje. Friji inakupa siku 3 hadi 4. Kilichobaki kiende friza kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri.

Kwenye mifuko ya friza, weka maharage na mchuzi wake kiasi cha kuyafunika, toa hewa, laza mfuko uwe bapa wa sentimita 2 au 3. Mfuko bapa huganda upesi, hupangwa kama vitabu, na huyeyuka ndani ya maji baridi kwa muda mfupi, wakati bonge la kilo moja linakusubirisha hadi kesho. Andika jina na tarehe kabla ya kujaza, kwa sababu kalamu haishiki kwenye mfuko wenye unyevu. Viazi viondoe kwenye mchuzi unaokwenda friza. Vikiyeyuka vinakuwa na chengachenga na maji.

Vitufe viwili tunashauri viachwe kwa baadhi ya vyakula. Cha kuchelewesha kuanza kinafaa maharage yanayoloweka, lakini nyama mbichi isikae humo usiku kucha bila ubaridi. Cha kupika polepole kisitumike kwa maharage mekundu ambayo hayajachemshwa: yana sumu ya asili inayovunjwa na kuchemka kikamilifu kwa walau dakika 10, na joto la polepole linaweza lisifike huko.

Kipini kikikataa kupanda, angalia kwanza kama vali imefungwa, kisha kama mpira umekaa vizuri kwenye mfereji wake pande zote. Mvuke unaotoka ubavuni ni dalili ya mpira uliotanuka au kuingiwa na punje ya chakula. Pia hakikisha kuna walau mililita 250 hadi 375 za maji. Mchuzi mzito hauhesabiwi. Mwinuko nao una sauti yake: juu ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, ongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 zinazozidi hapo.

Kuhusu ununuzi, chagua sufuria ya ndani ya chuma cha pua. Yenye utando usioshika hurahisisha wali, lakini huchubuka ukikwangua, na bila kukwangua hupiki mchuzi. Lita 6 zinatosha watu 4 hadi 6. Lita 8 hubeba zaidi lakini huchukua muda mrefu kupanda presha na hudai maji mengi. Hakikisha mipira ya akiba ya modeli hiyo inapatikana kabla hujalipa. Kwa familia isiyo na nafasi kwenye friza, lita 3 na jiko la kawaida vitatosha.