Dublin–London kwa ndege: nyota nne, na mbili kati ya hizo si za ndege

Mgeni kutoka nyumbani akishapata kazi na karatasi zake zikishakaa sawa hapa Dublin, haupiti muda kabla hajaniuliza: kwenda London kuona ndugu, nikate Ryanair au Aer Lingus? Hunijia mimi kwa sababu nina dada Ilford, mashariki ya London, na njia hii naijua kama mtu wa Mvita anavyoijua njia ya Kongowea. Jibu fupi: kata iliyo rahisi siku hiyo, zote mbili zitakufikisha. Jibu refu ndilo hili, na sehemu yake kubwa haihusu viti wala chai. Inahusu kwa nini mpaka leo kuna mbili za kuchagua.

Kwanza ya msafiri. Ryanair inatoka jengo la kwanza la uwanja wa Dublin, nawe utatua Stansted, Luton au Gatwick. Aer Lingus iko jengo la pili, na safari zake nyingi za London hutua Heathrow. Angani ni kama saa moja na kitu, kwa hiyo kiti cha Ryanair kisicholala nyuma si habari ya kuandikiwa insha. Kabla hujapata usingizi wanakwambia funga mkanda, tunashuka. Tofauti kubwa iko chini. Mimi naenda Ilford. Nikitua Heathrow napanda Elizabeth line, nateremka karibu na mlango wa dada. Nikitua Stansted napanda treni mpaka Liverpool Street, halafu ndiyo nageukia Ilford. Ukiwa unaishi upande wa kaskazini, Tottenham kwa mfano, Stansted inakufaa wewe kuliko mimi. Kwa hiyo nauli ya tiketi msiisome peke yake. Ongezeni treni, ndipo mlinganishe.

La pili ni begi. Ryanair bei ya chini kabisa inakupa mfuko mdogo unaoingia chini ya kiti, basi. Begi la kilo kumi unalipia. Kwenda naenda mikono mitupu, lakini kurudi, baada ya dada kunipitisha Green Street, mtaa wa maduka kule London, nina khanga, bizari, tende, na unga wa muhogo ambao hapa Dublin ukiupata unauzwa kama dawa. Kwa hiyo mimi hununua begi siku ile ile ninayokata tiketi, kwa kila shirika, maana ukisubiri mpaka langoni bei inakuwa nyingine. Hilo ndilo shauri langu lote juu ya mizigo.

Sasa bei, na hapa ndipo uhasibu wangu unaponiingia. Kuna siku za Jumanne au Jumatano, nje ya msimu wa shule, ambapo tiketi ya London haifiki pesa ya teksi ya kunipeleka uwanjani. Watu huona kama ni kawaida ya dunia. Si kawaida. Ryanair ilipoanza kuruka Dublin–Luton mwaka 1986, nauli yake ya kwenda na kurudi ilikuwa pauni 99, chini ya nusu ya ile ya Aer Lingus na British Airways. Wairish wazee hapa kazini bado wanasimulia jinsi walivyokuwa wakivuka kwa meli kwa sababu ndege ilikuwa ya wakubwa. Kilichoishusha nauli ni kwamba alikuja mwingine, na yule wa kwanza akalazimika kujibu.

Basi fikirieni yule mwingine akimnunua wa kwanza.

Ndivyo ilivyotaka kuwa. Mwaka 2006 serikali ya Ireland iliingiza hisa za Aer Lingus sokoni. Siku chache tu baadaye, mwezi Oktoba, Ryanair ikatangaza kwamba imekwisha kusanya hisa nyingi na inataka kuinunua yote kwa euro bilioni 1.48. Tume ya Ulaya, inayosimamia ushindani katika Umoja wa Ulaya, ikakataa Juni 2007, kwa sababu kulikuwa na njia 35 ambazo mashirika hayo mawili yalikuwa yakigombea abiria wale wale, na Dublin ndiyo ngome yao wote wawili. Ryanair ikarudi mwishoni mwa 2008 na bei ndogo zaidi, ikajiondoa. Ikarudi tena 2012. Mara hii ilikuja na ahadi: shirika la Flybe lipewe njia kadhaa ili ushindani ubaki. Februari 2013 Tume ikakataa tena, haikuamini kwamba Flybe ingeweza kusimama mbele ya Ryanair hapa Dublin. Haki yao. Flybe yenyewe ilifilisika 2020.

Lakini msomaji makini atauliza: sawa, kununua yote kumekataliwa, na zile hisa zilizokwisha kununuliwa? Hapo ndipo utamu ulipo. Ryanair ilibaki na asilimia 29.8 ya mpinzani wake. Brussels, yaani ile Tume ya Ulaya, haikuweza kuzigusa. Sheria ya Ulaya ya miungano inaangalia nani ana udhibiti wa kampuni, na chini ya theluthi hakukuhesabiwa kuwa udhibiti. Aer Lingus ilikwenda mahakamani kulalamika, ikashindwa mwaka 2010. Sheria ya Uingereza ndiyo yenye jicho kali zaidi. Yenyewe inauliza tu kama mwenye hisa ana ushawishi wa maana juu ya maamuzi ya kampuni, na kwa sababu abiria wa London ni abiria wa Uingereza, wakubwa wa ushindani wa kule wakaiita kesi kwao.

Ushawishi gani, mtu akiwa na chini ya theluthi? Kwa sisi tunaokaa na vitabu vya kampuni, swali hili ni jepesi. Kuna maamuzi ya wanahisa yanayotaka asilimia 75 ya kura: kuunganishwa na kampuni nyingine kwa njia fulani, kutoa hisa mpya kwa pesa bila kuwapa kwanza wenye hisa wa zamani. Mwenye zaidi ya robo anaweka mkono mmoja tu na jambo limekufa. Sasa huyo mwenye robo awe ndiye mtu unayeshindana naye kila asubuhi saa kumi na mbili, ndege kwa ndege. Aer Lingus ikitaka mtaji wa kununua ndege, mpinzani anakaa mkutanoni. Ikitaka kuungana na shirika kubwa ili gharama zishuke, mpinzani anakaa mkutanoni. Hata nafasi zake za kutua na kuruka Heathrow, ambazo ni mali kuliko ndege zenyewe, uamuzi juu yake ungeweza kukwamishwa. Na shirika la tatu likitaka kuja kuoa, linaangalia aliyekwisha kaa sebuleni, linageuza gari.

Ryanair ilijitetea kwa hoja ambayo mimi siidharau. Ilisema: tazameni, miaka yote hii tunashindana nao kwa nguvu, nauli zinashuka, hisa zetu hazijawazuia lolote. Na kweli Tume ya Ushindani ya Uingereza yenyewe ilikiri kwamba ushindani kati yao ulikuwa mkali. Lakini ikasema kinachotazamwa pia ni Aer Lingus ambayo ingekuwepo kama isingefungwa kamba. Agosti 2013 ikaamuru Ryanair: shusha mpaka asilimia 5. Michael O'Leary, mkuu wa Ryanair, hakuwa mtu wa kukubali kimya. Akaenda mahakama ya ushindani, akashindwa 2014. Akaenda rufaa, akashindwa Februari 2015.

Nyota mbili ninazozungumzia kwenye kichwa ni za hawa wa Tume ya Ushindani. Sikuwalipa hata senti, siwajui kwa sura, na tume ile siku hizi hata haipo, kazi yake ilichukuliwa na mamlaka mpya mwaka 2014. Lakini kila nikifungua simu nikaona bei mbili zinagombania begi langu, nafaidi kazi yao. Huduma ya namna hii hakuna anayeiandikia maoni mtandaoni, ndiyo maana naiandikia mimi.

Kwa nini basi si nyota tano? Kwa sababu ya kilichofuata. Mwaka huo huo wa 2015 Ryanair iliuza hisa zake zote, na ikapata karibu euro milioni 400. Aliyenunua ni IAG, kampuni mama ya British Airways, ambayo iliichukua Aer Lingus nzima kwa euro bilioni 1.36. Mkuu wa IAG wakati huo alikuwa Willie Walsh, ambaye aliwahi kuwa rubani wa Aer Lingus na kisha mkuu wake. Sasa hesabuni nami: Dublin–Heathrow inarushwa na Aer Lingus na British Airways, na pochi ni moja. Tume ya Ulaya ilikubali kwa masharti, likiwamo la kuachia jozi tano za nafasi za kutua na kuruka kwa siku uwanja wa Gatwick ili mwingine aweze kuruka Dublin au Belfast. Na kweli Gatwick kuna ushindani. Ila kwa Heathrow, abiria kama mimi anayetaka treni ya Ilford anachagua kati ya mtoto na mtoto wa nyumba moja. Ukipanda juu zaidi utakuta Qatar Airways ina robo ya IAG yenyewe. Mimi si mtu wa kuona njama kila kona, lakini mtu akiniambia mashirika ni mengi, namwomba kwanza anionyeshe daftari la wanahisa.

Na nyumbani je? Baba yangu alinunua hisa za Kenya Airways mwaka 1996 wakati KLM ilipochukua asilimia 26, na akajisifu nayo mtaa mzima wa Majengo kwamba sasa yeye na Waholanzi ni wabia. Mwaka 2003 Kenya Airways nayo ikachukua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, zikashuka hadi 41.23 baada ya Precision kuuza hisa kwa umma Dar mwaka 2011. Ule ulikuwa ubia wa kukaribishwa, si wa kuvamiwa, na shirika dogo lilihitaji mtaji na abiria wa kuunganisha. Sawa. Lakini kwa anayesafiri Nairobi–Dar, swali ni lile lile aliloulizwa O'Leary: mwenye robo na zaidi ya mwenzake ana hamu gani ya kumpunguzia bei? Ningependa kuona tume zetu za ushindani, ya Nairobi na ya Dar, zikikaa meza moja na kulichambua kwa kurasa nyingi kama walivyofanya wale wa London, kisha ziuweke uchambuzi huo wazi mtu ausome.

Kwa anayekata tiketi wiki hii: Stansted na Gatwick zifungue pamoja na Heathrow, ongeza treni na begi, na usiweke British Airways na Aer Lingus kama bei mbili tofauti kwenye hesabu yako. Desemba kata mapema, Oktoba ikiwezekana, maana Dublin nzima ina ndugu London. Na ukienda Green Street, duka lenye unga wa muhogo liko upande wa kituo cha Upton Park. Mwambie muuzaji aufunge mara mbili.