Mafunzo ya kuhoji waombaji kazi: asubuhi nilijuta, alasiri nikashukuru

Nauza spea za magari Barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Mwaka huu pekee nimeajiri wauzaji watatu wa kaunta na wote tumeachana. Wa mwisho alikuwa na ulimi wa asali siku ya mahojiano, kumbe hajui pedi za breki za Probox na za Vitz zinatofautiana wapi. Ndipo nikatoa shilingi 4,500 kwa mafunzo haya ya siku moja, Westlands.

Asubuhi ilikuwa hasara. Badala ya saa mbili na nusu tulianza saa nne, halafu tukaonyeshwa slaidi za makampuni yenye idara nzima ya kuajiri. Idara yangu ni mimi na kijana wa kubeba mizigo. Mandazi yalikuwa moto, hilo nawapa.

Baada ya chakula tuliwekwa wawili wawili, mmoja ahoji, mwenzake ajifanye anatafuta kazi. Mkufunzi alishika saa. Dakika kumi zilipoisha akaniambia, "Mzee, saba kati ya hizo umeongea wewe. Huyu dada umemjuaje?" Ukumbi mzima ukacheka. Nilicheka pia, ila iliniingia. Kawaida yangu ni kusimulia duka lilivyoanza, mwombaji anatikisa kichwa, nami namwona ni mtu mwelewa!

Tena nilizoea kuwauliza wasichana kama wanatarajia kuzaa karibuni. Kumbe Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumbagua mtu kwa ajili ya ujauzito, hata yule anayetafuta kazi tu. Swali hilo nimelifuta.

Wiki iliyofuata nilihoji watu watano. Maswali manne, yaleyale kwa kila mmoja, na alama naandika kabla mwingine hajaingia. Kisha kila mtu nikamsimamisha kaunta, akaingia mteja mkali, yaani shemeji yangu, anarudisha betri iliyokwisha kutumika na anataka pesa zake sasa hivi. Wanne walibishana naye au wakaniangalia mimi. Mama mmoja mkimya, ambaye zamani ningempita, alisema tu, "Karibu, naomba kuona risiti." Yuko kazini mwezi wa pili sasa.

Nawapa nyota tatu kati ya tano. Wakiziondoa slaidi na kuyafanya mafunzo nusu siku kwa 2,500, nitampeleka na ndugu yangu wa Gikomba, ambaye huajiri mtu kwa kumwangalia viatu.