Mkaguzi wa nyumba za zamani: nyota nne kati ya tano

Tulikuwa tumebakiza saini tu. Nyumba ya wageni ya kale yenye vyumba kumi na kimoja, mgahawa chini, katika mji unaoishi kwa watalii. Mwenyewe anastaafu, na dalali anapiga simu asubuhi na jioni kwamba kuna mnunuzi mwingine njiani. Dada yangu ndiye aliyenizuia: "Usitie saini kabla mtu anayezijua nyumba za zamani hajaingia mle ndani." Nikamtafuta mkaguzi aliyebobea kwenye majengo ya chokaa.

Alikuja na tochi, kipima unyevu na bisibisi ndefu. Hakuhangaika na sebule yenye samani za kale, ambayo dalali alitupitisha mara tatu. Alianzia chini ya ngazi. Aligonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akisogea taratibu, mpaka mlio ukabadilika, ukawa kama wa kopo tupu. "Hapa plasta imeachia," akasema, akabandua kipande. Nyuma yake kulikuwa na unga mweupe wa chumvi, na ukuta ulikuwa umelowa.

Kumbe kuna fundi aliyewahi kupiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa chokaa. Mkaguzi akanieleza kwamba saruji ya Portland, hii ya kawaida ya leo, ilipata hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Uingereza mwaka 1824, na nyumba hii ilikuwa imesimama kabla ya hapo. Ukuta wa chokaa hunyonya maji ya ardhini na kuyatoa hewani. Ukiuziba kwa saruji, maji hukosa pa kutokea, yanazidi kupanda, na chumvi yake inaisukuma plasta mpaka inabanduka. Ile rangi mpya niliyoisifia siku ya kwanza ilikuwa imefunika yote hayo.

Ghorofani akachomeka bisibisi kwenye boriti. Katikati mbao ilikuwa ngumu, haikuingilika. Kwenye ncha, pale boriti inapoingia ukutani, bisibisi ilizama hadi mpini. Machozi yalinitoka, maana juu ya boriti ile ndipo kilipokuwa chumba nilichokwisha kukipanga kwa ajili ya maharusi. Hakunitisha wala hakunipa maneno matamu. Alisema ncha iliyooza hukatwa ikaungwa mbao nzima, ila ni kazi ya seremala mzoefu. Tena, kama jengo limeorodheshwa kuwa la urithi, niulize habari ya vibali kabla ya kugusa hata dirisha.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu ya jiko. Hakulikagua kabisa, alisema mitambo ya jikoni si fani yake. Sawa, lakini angeniambia kwenye simu, kabla sijalipa. Fundi mwingine niliyemleta alikuta bomba la kutolea moshi limeganda mafuta ndani, unene wa kidole. Moto ukiingia humo, unafuata bomba hadi darini, na juu wageni wamelala! Ripoti nayo ilichelewa siku nne, siku ambazo dalali hakunipa pumzi.

Jambo moja halikuwa kazi yake, na alilisema akiwa mlangoni anaondoka: nidai hesabu za mwezi kwa mwezi, nisikubali jumla ya mwaka. Nilipozipata, niliona miezi minne tu ndiyo iliyobeba mwaka mzima. Mbaya zaidi, malipo ya awali ya wageni wa msimu ujao yalikuwa yameshatumika. Wale wangenijia mimi na mabegi yao, wakidai vyumba walivyokwisha kuvilipia.

Tulirudi mezani na ripoti ya kurasa thelathini na mbili. Muuzaji alishusha bei, na fedha za wale wageni zikakatwa kwenye malipo yake. Tumenunua. Mafundi wameshabandua saruji yote chini ya ngazi, na tangu wiki iliyopita doa la unyevu limeanza kushuka.