Noah yangu baada ya kilomita 17,000: mafuta, gia boksi na safari ya Moshi

Kwenye mfuko wa mlango wa dereva ninaweka daftari dogo la shule. Kila nikijaza mafuta naandika tarehe, kilomita, lita na bei, na kila shilingi inayokwenda kwa fundi nayo inaingia humo. Nimefanya hivyo miezi 14, tangu tuliponunua Toyota Noah ya mwaka 2009, injini ya 3ZR ya lita 2.0, viti vinane. Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne na mama yangu mzazi. Kabla ya hapo tulikuwa na Toyota IST, gari dogo la viti vitano, na kila Jumapili wawili wetu walifika kanisani kwa bodaboda. Mama alikuwa anaumia sana kuona hivyo, nami niliumia zaidi yake.

Napima ulaji wa mafuta kwa njia moja tu. Sheli ileile, pampu ileile, najaza mpaka pampu ikate yenyewe, narudisha tripu sifuri. Nikirudi kujaza nagawanya kilomita kwa lita. Anayeweka ya elfu ishirini leo na ya elfu thelathini kesho hawezi kujua gari lake linakula kiasi gani, atabaki kusikiliza maneno ya kijiweni.

Naishi Mbezi, Dar es Salaam, kazi yangu iko Posta, katikati ya jiji. Nikitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu asubuhi, foleni ya Morogoro Road inanipokea kabla ya Kimara, na Noah inanipa kilomita 7.4 kwa lita. Nikitoka saa kumi na moja na robo alfajiri, barabara ileile, kiyoyozi kilekile, inanipa 9.1. Nilirudia wiki nne nikidhani nimekosea hesabu. Sikukosea. Injini ya lita 2.0 ikinguruma imesimama huku kiyoyozi kinafanya kazi inamaliza karibu lita moja kwa saa bila kusogea hata hatua, na kwenye foleni unailipia saa hiyo asubuhi na jioni. Watu wanabadilisha plagi, wananunua dawa za kumwaga kwenye tanki, kumbe fedha yao imelala kwenye saa ya kutoka nyumbani.

Kitu kingine kilichonisaidia, na hakikunigharimu chochote, ni upepo wa tairi. Kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinachosema kiasi kinachotakiwa. Zangu zilikuwa zimeshuka mno. Nilipozirekebisha, zile 7.4 za foleni zikawa 7.8.

Sasa gia boksi. Hapa naomba mwenye Noah ya toleo hili asome polepole, maana mimi nililipia ujinga. Gia boksi yake ni CVT. Haina gia moja, mbili, tatu kama tulizozoea, ina mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa, na kinachoubana mkanda ule usiteleze ni presha ya oili. Fundi wa kwanza niliyempelekea alimimina haidroliki ya kawaida, ile nyekundu inayowekwa kwenye otomatiki za zamani. Nilimuuliza kama ndiyo yenyewe, akaniambia, "Mzee, oili ni oili." Wiki mbili baadaye gari likaanza kutetemeka kila linapoondoka kwenye taa, na daftari likaonyesha kilomita 6.6 kwa lita. Fundi wa pili, kijana mpole asiye na maneno mengi, aliimwaga yote, akaweka oili ya CVT iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, akaendesha, akaimwaga tena na kuweka nyingine, akabadilisha na kichujio. Ilinigharimu 480,000. Mtetemo ukaisha na ulaji ukarudi ulipokuwa. Namshukuru Mungu mkanda haukuwa umeliwa, maana ningekuwa natafuta gia boksi nzima ya mtumba.

Gharama nyingine ni za kawaida. Oili ya injini na kichujio chake kila kilomita 5,000, mara tatu, jumla 315,000. Tairi nne za 195/65 rimu 15, 620,000. Pedi za breki 90,000. Plagi, bushi na shokapu za nyuma, 410,000, na hizo shokapu ni matokeo ya kipande cha vumbi kinachoingia mtaani kwetu. Bima ndogo ni 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, nimeikata mara mbili. Ada ya mwaka ya leseni ya gari, ile rodi laisensi, ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo gari linalokunywa sana ndilo linaloilipa zaidi. Nikiwa na nafasi nasubiri bei mpya za mafuta za EWURA, mamlaka inayozipanga, ambazo hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, ndipo niamue nijaze kabla au baada.

Mafuta yenyewe yalikuwa lita 1,910, kwa wastani wa 2,900 kwa lita, yaani milioni 5.5 na ushee. Ukijumlisha na hayo ya juu inakaribia milioni 7.7, sawa na shilingi 452 kwa kila kilomita, bila kuhesabu bei ya kununulia gari. Nikiwa peke yangu nyuma ya usukani, hiyo ni hasara tupu, na siku hizo naiacha Kimara na kupanda basi la mwendokasi. Tukiwa saba, kila mmoja wetu anagharimu kama shilingi 65 kwa kilomita.

Desemba tulikwenda Moshi. Kilomita 560, tukatoka saa tisa usiku, mwendo wa 80 hadi 90, hamsini kila penye kibao cha kijiji. Chalinze, Segera, Korogwe, Same. Watu saba na mabegi, ikatumia lita 46, yaani kilomita 12.2 kwa lita. Kurudi tulifunga ndizi na mahindi juu kwenye kerea, upepo ukawa unagonga mzigo njia nzima, ikashuka hadi 11.3. Kwenda na kurudi mafuta yalikuwa kama 277,000. Mwaka uliotangulia tulilipa nauli ya basi la daraja la kati 38,000 kwa kichwa, saba kwenda na kurudi ni 532,000. Halafu mama alisimama kupumzika Mombo kwa muda alioutaka yeye, akanyoosha miguu, akanywa chai yake bila konda kumharakisha.

Shemeji yangu ana mke na watoto wawili, naye anaitaka Noah. Nimemwambia achukue Sienta ya 1.5, viti saba vya umbo dogo vinamtosha. Ila kama wazazi wanakaa nyumbani kwake, aje achukue daftari langu kwanza, akae nalo jioni moja, ndipo aende kuangalia magari.