WeeChat na mosh: uzoefu wangu wa kufanya kazi ya mbali nikiwa Lamu

Tangu nihamie WeeChat, programu ya kuchati kwa maandishi, stima ikipotea hapa Langoni sihangaiki tena kutafuta jirani mwenye sola. Timu yetu huongea kwa IRC, itifaki (kanuni za mawasiliano) ya kuchati ya tangu 1988, kwa hiyo kila mtu huingia na programu aitakayo. Yangu ya zamani ilibeba kivinjari kizima tumboni, na feni ya laptopu ilivuma hata kama hakuna aliyeandika neno. WeeChat imeandikwa kwa lugha ya C, ipo tangu 2003, ni ya bure, na haitoki nje ya terminali, lile dirisha la kuandika amri kwa maandishi tu.

Ila si wepesi huo ulioniokolea chaji nyingi. Laptopu yangu haiendeshi WeeChat kabisa. Nimeiweka kwenye seva ya kukodi, ndani ya tmux (programu inayoiacha iendelee kufanya kazi hata nikijitoa), naifikia kwa mosh, programu ya kuingia kwenye kompyuta iliyo mbali. Seva ndiyo inayokesha kungoja ujumbe. Mimi nafunika laptopu, naenda kuswali, nakula chakula changu, nikifunua nayakuta mazungumzo yote, na pale nilipotajwa jina panang'aa.

Mosh nayo ni kiboko. SSH, njia ya kawaida ya kuingia kwenye seva, ilikuwa ikiganda kila nikipanda boti ya Mokowe, lakini mosh hupita kwa UDP (njia ya kutuma data isiyohitaji muunganisho wa kudumu) na anwani ya IP ikibadilika haijali. (Kwenye seva fungua poti za UDP 60000 hadi 61000, la sivyo haiungi.) Mtandao ukizorota, herufi unazoandika hutokea papo hapo zikiwa zimepigiwa mstari chini, seva ikizipokea, mstari hufutika. Nyumba zetu hizi za mawe kuta zake ni nene, mtandao haupenyi vizuri, basi nikiona mstari umeng'ang'ania najua ni wakati wa kupanda darini.

Kero zipo. Picha huzioni, unapata kiungo tu. Mipangilio ya WeeChat, unayoibadilisha kwa amri ya /set, ina majina marefu ya kuchosha, na mosh haikuachii kurudi nyuma kusoma yaliyopita kwenye terminali, lazima ubonyeze PageUp ndani ya WeeChat yenyewe. Orodha ya majina upande wa kulia hula nafasi kwenye skrini ndogo. Andika /bar hide nicklist, itaondoka. Alt+a hukurusha kwenye chaneli yenye ujumbe mpya, na hicho ndicho kitufe ninachokitumia kuliko vyote. Vikao vya video navifanyia kwenye simu, na siku hiyo bando huisha mapema.