Sahani za Chelsea za nanga nyekundu: za kutazama sawa, za kulia hapana

Niseme mapema, kama unataka chombo cha kauri cha Uingereza cha miaka ya 1750 cha kuwekea macho tu, Chelsea, kile kiwanda cha London kilichotia alama ya nanga nyekundu chini ya vyombo vyake, hakina mpinzani. Cha kunywea chai tafuta cha Worcester, kiwanda kingine cha Uingereza.

Sahani niliyoishika mimi ni ya lile kundi linaloitwa Hans Sloane, jina la yule daktari mfadhili wa bustani ya mimea ya dawa pale pale Chelsea. Ilikuwa siku ya kutazama kabla ya mnada London, siku hiyo unaruhusiwa kushika. Aisee, tawi moja tu la majani mapana limekatiza sahani nzima toka ukingo huu mpaka ule, mchoraji hana habari katikati iko wapi, halafu pembeni kipepeo na kidudu. Sasa hicho kidudu pitisha kidole juu yake unasikia kijishimo, yaani tanuru liliharibu, wao wakachora mdudu hapo hapo biashara ikaendelea. Hapo ndo waliponimaliza.

Igeuze. Utakuta alama tatu za vijiguu vilivyoibeba kwenye tanuru, na nanga nyekundu ndogo kama punje ya mchele. Ukiona nanga kubwa inajitangaza, kimbia, maana karne ya 19 Samson wa Paris alinakili sana hivi vitu, tena kwa kauri ngumu wakati Chelsea ni laini. Mulika na tochi kwa nyuma, Chelsea ya wakati ule inatoa vidoa vya mwanga vya duara, Worcester inaleta ukijani flani hivi.

Ubaya sasa. Kisu kinaikwaruza, rangi imepakwa juu ya ule mng'ao kwa hiyo inachubuka, na maji ya moto usijaribu. Worcester walioanza 1751 walitia jiwe la sabuni la Cornwall kwenye udongo, ndo maana mabuli yao yalihimili chai ya moto bila kupasuka, kina Bow, kiwanda kingine cha London, wao walitia jivu la mifupa.

Na wauzaji jamani! Kuna mmoja kaniapia sahani haijaguswa, kuimulika tu ukingo wote umepakwa upya.

Kabla hujatoa hata pauni moja pita V&A, jumba la makumbusho la London, kuingia bure, panda mpaka juu kabisa kwenye kauri ukazoeshe macho. Shida ziko kwenye vioo, kuzigeuza ndo huwezi.