Uzoefu wangu: kubadilisha filta ya dizeli mwenyewe nyumbani

Wenye gari za dizeli, hii kazi mnaiweza wenyewe nyumbani, na filta niliyofunga safari hii nimeikubali sana. Ni jenuini, ya kuzungusha kwa mkono, chini ina koki ya kutolea maji na nafasi ya kufunga sensa ya maji, ile inayokushtua maji yakijaa kwenye filta.

Gari ilishaanza dalili zile zile, kwenye tambarare iko poa ila ukipanda mlima na mzigo ukikanyaga mafuta haivuti, inajikongoja tu, na asubuhi starta inazunguka weee ndo iwake. Watu wakiona hivyo wanakimbilia kusema nozeli (zile zinazopuliza dizeli ndani ya injini) zimekufa au pampu imekwisha, wakati filta ndo ya kuanza nayo maana ni rahisi kuliko vyote hivyo.

Ile ya zamani ilikuwa ya bei rahisi, haina jina la maana. Baada ya kuitoa nikaimwaga yote kwenye chupa angavu nikaiacha itulie, aisee, maji yakajitenga chini kabisa, dizeli juu, na katikati pale kuna utando wa weusi unaelea. Maji ni mazito kuliko dizeli ndo maana yanakaa chini, na ndo maana koki imewekwa chini. Kisha nikaikata kopo kwa msumeno wa chuma nione ndani, karatasi ina mikunjo michache tena gundi ya pembeni imeachia, maana yake dizeli ilikuwa inapita pembeni bila kuchujwa. Hapo ndo niliumia, kwa sababu nozeli za komoni reli (mfumo wa bomba moja la presha kubwa linalogawia nozeli zote) nyingi zinafanya kazi kwa presha inayofika bar 1,600 na kuendelea, nyingine zinapita 2,000, na nafasi za mle ndani ni za maikroni chache tu (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) wakati unywele wa mtu ni kama maikroni 70, sasa uchafu ambao hata huuoni kwa macho unatosha kula nozeli.

Kazi yenyewe haina mambo mengi. Injini iwe imepoa, toa waya wa hasi wa betri, futa juu ya filta na maungio yake yote kabla hujafungua chochote (hapa usivivie, vumbi likidondoka ndani umeharibu maana yote ya kubadilisha), tega beseni chini, chomoa soketi ya sensa, fungua koki imwagike, halafu zungusha filta kwa mkono au kwa mkanda wa kufungulia. Dizeli isimwagikie mipira na mikanda, inailainisha na kuiharibu, kwa hiyo tandika matambara ya kutosha na vaa glavu.

Sensa unaihamishia kwenye filta mpya na oringi mpya (ule mpira wa duara wa kuzuia kuvuja), hii niliyonunua imekuja na oringi zote mbili kwenye boksi, nene na laini, nimependa. Oringi ya filta ipake dizeli safi kidogo kwa kidole, angalia oringi ya zamani haijabaki imeganda kule juu maana zikikaa mbili lazima ivujishe, zungusha mpaka iguse halafu ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono, spana ya nini. Na usijaze filta mpya dizeli ya kwenye dumu kupitia tundu la katikati, hilo ndo upande wa safi, chochote utakachomwagia hapo kinaenda kwenye pampu moja kwa moja bila kuchujwa.

Sasa kutoa hewa, hapa ndo penye kazi. Rudisha waya wa betri, bonyeza pampu ya mkono ya juu ya filta, mwanzo inakuwa laini haina kitu halafu taratibu inakuwa ngumu, unaisikia kabisa kwenye kiganja, kama kuna skrubu ya kutolea hewa ilegeze kidogo mpaka mapovu yaishe itoke dizeli tupu ndo ukaze. Usiwashe kabla haijawa ngumu, pampu ya presha inalainishwa na dizeli hiyo hiyo, ikizunguka kavu inajikwangua. Na tafadhali sana kwenye komoni reli usilegeze paipu za presha za kwenye nozeli eti utoe hewa kama injini za zamani, ile presha inatoboa ngozi na dizeli inaingia mwilini, huyo ni mtu wa kupelekwa hospitali haraka.

Yangu iliwaka, ikatetemeka kidogo, halafu silensa (injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta) ikatulia. Mlima ule ule sasa napanda bila kushusha gea na asubuhi starta inagusa tu. Filta naipa alama zote, mikunjo imebanana vizuri na koki inafunguka kwa vidole, kwa hiyo kutoa maji katikati ya sevisi ni kazi ndogo kabisa. Muda wa kubadilisha fuata kitabu cha gari, ila kama dizeli unayopata haieleweki wahi kabla ya hapo. Kama filta ya gari yako iko ndani ya tenki au pampu yake ni ya umeme inayoamshwa na mashine ya fundi, hiyo mpelekee fundi.

Ukishatembea kidogo fungua boneti uangalie tena chini ya filta na kwenye sensa, ukikuta unyevu kaza kwa mkono, na kama bado inavuja ifungue uone oringi imekaaje.